Chaja ya kubebeka kwa gari la umeme: tuanze na soketi yako, ndipo twende dukani

Shemeji yangu kanunua Nissan Leaf ya Japani. Imefika Raskazone, hapa Tanga, usiku, juu ya lori, na kabla hajaizungusha hata Makorora wazee wakaione, kanipigia simu: "Shem, nina picha za chaja hapa. Nichukue ipi?"

Nikamwuliza: soketi iliyo karibu na unapopaki ikoje? Waya wake wa milimita ngapi za mraba? Ethi, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini, ipo? Kimya. Halafu: "Shem, mimi nimekuuliza chaja."

Namwelewa. Mwaka wangu wa kwanza na mimi nilinunua kwa kutazama picha. Chaja hizi za kubebeka zote zina sura moja: kisanduku katikati, plagi upande huu, kichwa cha kuchomeka kwenye gari upande ule. Zikifika nyumbani ndipo unapoona tofauti, kwa hiyo ulinganisho huu naufanya nikiwa nimesimama mbele ya soketi.

Kile kisanduku kinafanya nini

Chaja halisi imo ndani ya gari. Ndiyo inayogeuza umeme wa nyumbani ukawa wa kuingia kwenye betri. Kisanduku cha kwenye kebo kina kazi mbili: kukata umeme ukivuja, na kuliambia gari lisivute zaidi ya ampea kadhaa. Huliambia kwa mapigo madogo ya volti 12, elfu moja kila sekunde, na upana wa pigo ndio unaotaja idadi ya ampea. Gari linatii. Kiwango cha chini kabisa ni ampea 6. Chini ya hapo hakuna kuchaji.

Kwa hiyo kasi huamuliwa na mnyonge kati ya watatu: soketi, kisanduku, na chaja iliyo ndani ya gari. Leaf za mwanzo zenye betri ya kilowati-saa 24, zilizoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2010, nyingi hupokea kilowati 3 na kidogo tu kwa umeme wa nyumbani. Kuinunulia gari hiyo chaja ya kilowati 7 ni kufunga bomba la inchi mbili kwenye tangi lenye koki ya nusu inchi. Maji yatatoka yale yale.

Jambo jingine la haraka ni mdomo wa gari, pale unapochomeka chaja. Leaf ya Japani ina mdomo wa Taipu 1, wenye matundu matano. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya yana Taipu 2, matundu saba. Yaliyotengenezwa kwa soko la China kwenyewe yana GB/T, ambayo ukiitazama haraka utaapa ni Taipu 2, ila dume na jike vimebadilishana na havioani. Piga picha mdomo wa gari lako, mpe muuzaji picha hiyo, usimtajie jina la gari tu. Adapta zipo, lakini kila kiungo kinachoongezwa ni sehemu moja zaidi ya kupata joto na kuingia chumvi.

Saa ngapi?

Huku kwetu umeme ni volti 230 unapokuwa na afya. Nimechukua mzigo wa uniti 20 (uniti moja ni kilowati-saa moja), ambazo kwa gari dogo zinatosha karibu kilomita 120 ukishahesabu na zile zinazopotea njiani wakati wa kuchaji.

| Chaja | Ampea | Kilowati | Saa za kuingiza uniti 20 |
|---|---|---|---|
| Pini tatu, imeshushwa | 8 | 1.8 | 11 |
| Pini tatu, wastani | 10 | 2.3 | karibu 9 |
| Pini tatu, imepandishwa mwisho | 13 | 3.0 | karibu 7 |
| Plagi ya bluu ndogo | 16 | 3.7 | 5 na nusu |
| Plagi ya bluu kubwa | 32 | 7.4 | karibu 3, gari likikubali |

Kwa Leaf ya zamani mistari mitatu ya chini inakaribia kuwa mmoja, kwa sababu gari lenyewe linagomea kwenye kilowati 3 na ushee. Sasa jiulize unatembea kiasi gani. Mtu wa Kange anayefanya kazi mjini, hata akienda na kurudi mara mbili kwa siku na kupitia sokoni Ngamiani, hafiki kilomita 50. Hizo ni uniti nane au tisa: saa nne kwenye ampea 10. Ukichomeka saa tatu usiku, kabla ya saa nane gari limeshiba na wewe umelala. Hayo mawazo ya "chaji ya haraka nyumbani" tumeyatoa kwenye simu.

Kebo iliyokuja na gari

Nianze na hii kwa sababu ni ya bure, na cha bure kina utamu wake. Nyumba za Japani zina umeme wa volti 100, na laini ya volti 200 kwa vyombo vizito. Kebo ya Leaf ya kule kwa kawaida imeandikwa 200V, ampea 15 au 16, na plagi yake ina pini bapa ambazo hazioani na ukuta wowote wa Tanga.

Fundi wa kwanza utakayemwonyesha atakata plagi na kufunga ya pini tatu, dakika kumi, kisha atakuomba hela ya soda. Itachaji. Tatizo ni kwamba kebo ile haijui imefungwa kwenye plagi ya ampea 13. Inaendelea kuliambia gari "vuta 15", na gari linavuta kadiri linavyoweza, saa sita mfululizo, na wewe huna kitufe cha kupunguza. Juu ya hayo, chombo kilichotengenezewa volti 200 unakilisha 230, na usiku wa manane mzigo ukipungua mtaani unaweza kukilisha zaidi ya hapo.

Mimi ndivyo nilivyoanza, kwenye soketi ya jikoni ambayo kwa miaka ilikuwa ya pasi. Wiki ya pili nikasikia harufu kama ya mpini wa sufuria uliosahauliwa juu ya moto. Plagi ilikataa kutoka. Nilizima meni swichi nikaivuta kwa mikono miwili. Tundu la laivu lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi mwingine alipofungua alikuta skrubu imelegea na waya nyuma yake wa milimita 1.5, ule wa taa. Kebo yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Ipo mpaka leo kwenye boksi, na sijampa mtu.

Pini tatu inayopandishwa na kushushwa

Hii ndiyo ningemnunulia mtu ninayempenda. Ina kitufe cha kuchagua ampea: 6, 8, 10, wakati mwingine 13. Plagi yetu ya pini tatu, ile yenye fyuzi ndani, imeandikwa 13, lakini kuibebesha 13 usiku kucha ni jambo jingine na kuibebesha birika kwa dakika nne. Hata Uingereza, ilikotoka plagi hiyo, chaja nyingi za namna hii huishia ampea 10. Na soketi tunazouziwa hapa, ukizipima mkononi, nyingine ni nyepesi kama kifuniko cha chupa.

Iweke kwenye 8 wiki ya kwanza. Baada ya saa moja gusa plagi kwa mgongo wa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe mkono, zima, ita fundi. Ikiwa shwari panda 10 na ubaki hapo.

Chagua yenye kioo kinachoonyesha volti. Wengi hukiona pambo. Mimi nakiona kama daktari. Soma volti kabla gari halijaanza kuvuta, kisha soma tena likivuta ampea 10. Kwangu ilikuwa 226 ikashuka 214. Volti 12 zimeenda wapi? Zimegeuka joto njiani: 12 mara 10 ni wati 120, sawa na balbu mbili za zamani za wati 60 zimewashwa ndani ya ukuta na kwenye nguzo, hujui wapi hasa. Ikishuka volti tatu nne, waya wako ni mzuri. Ikishuka kumi na zaidi kuna waya mwembamba au kiungo kilicholegea, na kazi ya kukitafuta ni ya leo.

Ekstensheni? Sipendi. Kama lazima, iwe ya waya mnene na ifunguliwe yote chini. Iliyobaki imezungushwa kwenye gurudumu lake inajipika yenyewe.

Plagi za bluu

Ni zile plagi nene za duara, za viwandani, ambazo mafundi wa kuchomelea wanazifahamu sana. Ya ampea 16 imetengenezwa kwa mzigo wa saa nyingi, inashika vizuri, na soketi yake ina kifuniko cha kuzuia maji. Ukiwa na nyumba yako na hufikirii kuhama, hii ni bora kuliko pini tatu kwa kila kipimo isipokuwa kimoja: inataka laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita 4, na fundi anayejua anachofanya. Gharama inakaa kwenye waya na mkono wa fundi, hasa kama meni swichi iko mbele na gari linalala nyuma.

Ya ampea 32 inataka milimita 6 au zaidi, na gari linalopokea kilowati 7. Kwenye umeme wa njia moja (fezi moja), ukiiwasha pamoja na kiyoyozi, pasi na jiko la umeme la mama, utajua breka yako ina ampea ngapi. Mwenye gari jipya lenye betri kubwa na safari za Korogwe kila siku ya pili anaweza kuihitaji. Mtaani kwetu simwoni.

Kuna chaja zinazouzwa na mikia miwili, mmoja wa pini tatu na mmoja wa bluu. Wazo zuri, ila uliza jambo moja: ukifunga mkia wa pini tatu, kisanduku kinajishusha chenyewe mpaka 10? Kama hakijishushi, siku utakayosahau kubonyeza utarudi kwenye ile harufu ya jikoni.

Ethi, na uongo unaofanyika

Hapa ndipo ningependa msomaji apunguze mwendo. Chaja nzuri hupima ethi kabla ya kuanza. Isipoiona huwasha taa nyekundu na kugoma. Nyumba nyingi za zamani hazina ethi ya kweli. Soketi ina matundu matatu, lakini la juu halijaunganishwa popote, au nondo yake iliyopigwa chini imeliwa na kutu ya chumvi zamani.

Chaja ikigoma, kuna fundi atakayekwambia, "Bosi, hiyo ndogo." Atafungua soketi, ataunganisha ethi na nyutro (waya unaorudisha umeme) kwa kipande cha waya, taa itageuka kijani, na utamshukuru. Mimi nilimshukuru. Alichofanya ni kuidanganya chaja. Siku waya wa nyutro ukikatika au kulegea kabla ya kufika kwenye soketi hiyo, bodi lote la gari linapanda umeme. Unatoka alfajiri pekupeku, mchanga umelowa, unashika kitasa cha mlango. Kisanduku hakiwezi kukuokoa, kwa sababu ethi yenyewe ndiyo iliyoleta umeme, na kwa kawaida ethi haikatwi.

Kwa hiyo kati ya chaja mbili, moja inayogoma bila ethi na nyingine inayochaji popote bila maswali, inayogoma ndiyo ya kununua. Najua muuzaji ataisifu ya pili. Zile zisizo na jina, zisizo na maandishi ya ampea wala kiwango, hizo ni za waja leo waondoka leo. Kiwango cha kimataifa cha visanduku hivi ni IEC 62752. Ukikikuta kimeandikwa nyuma, angalau una mahali pa kuanzia.

Ukitumia jenereta ndogo, taa nyekundu itawaka pia ingawa chaja haina kosa: jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijafungwa kwenye ethi. Inveta za sola nyingine zina tabia hiyo hiyo. Dawa ipo, lakini ni ya fundi aliyesomea, usiifanye mwenyewe.

LUKU saa nane usiku

Sifa ambayo sijaiona ikiandikwa kwenye boksi lolote, na kwetu ni muhimu kuliko kioo cha rangi: umeme ukikatika ukarudi, chaja inaendelea yenyewe, au inakusubiri uamke ubonyeze? Uniti zinaisha usiku, mtu anaingiza tokeni alfajiri, gari limebaki na asilimia 30 na wewe una safari ya Muheza. Ijaribu siku ya kwanza: ikiwa inachaji zima meni swichi, hesabu mpaka ishirini, washa. Nzuri zaidi ni ile inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuanza, maana umeme unaporudi hurudi na vishindo, na afadhali friji ivipokee peke yake kuliko na gari.

Tukiwa hapo kwenye uniti. Kwa mteja wa kawaida wa T1, daraja la bei la nyumba nyingi, uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356. Tokeni ya 10,000 inakupa 28 na kidogo kabla ya makato ya kodi ya jengo. Ukitembea kilomita 40 kwa siku, siku 26, unatumia uniti 177 hivi, kama shilingi 63,000 kwa mwezi. Lakini kama uko D1, daraja la watumiaji wadogo, wale wa shilingi 100 kabla ya kodi mpaka uniti 75, gari litakutoa humo mwezi wa kwanza, kwa sababu kila uniti inayozidi 75 inahesabiwa 350. Hilo lipigie hesabu kabla ya kushangilia. Chaja yenye kuonyesha uniti ilizotoa itamaliza ubishi wa nani kala umeme, hasa kwenye nyumba yenye mita moja na wapangaji watatu.

Chumvi, mvua, msumari

Upepo wa baharini haumwachi mtu. Pini za shaba huota kijani ndani ya miezi michache. Zifute kwa kitambaa kikavu, na kichwa cha kuchomeka kwenye gari kikae na kifuniko chake. IP65 au IP66, alama ya kinga ya vumbi na maji, iliyoandikwa kwenye kisanduku ni ya kisanduku peke yake. Plagi yako ya pini tatu haina kinga hiyo, kwa hiyo wakati wa masika iwe chini ya paa.

Na usikiache kisanduku kining'inie kwenye soketi. Uzito wake unavuta plagi kwa chini, pini zinaachia kidogo, hapo ndipo joto linapoanzia. Piga msumari, kitundike. Hakuna chaja ya bei yoyote inayokuja na msumari huo.

Programu ya simu ya kuwasha chaja ukiwa mbali sikuwahi kuhitaji. Ampea naiweka jioni, asubuhi nachomoa.

Ukienda ugenini

Hapa pini tatu inashinda hata mwenye plagi ya bluu nyumbani. Leaf ya zamani iliyochoka betri ukiipeleka Pangani, kama kilomita 50, kurudi bila kuchaji ni kumjaribu Mungu. Unahitaji chaja itakayokubali soketi ya sebuleni kwa mwenyeji, na utaishusha mpaka 6 au 8 kwa sababu hujui nyuma ya ule ukuta kuna waya gani. Saa nne kwenye ampea 8 ni uniti saba na nusu hivi, karibu shilingi 2,700. Mtumie mwenyeji tokeni kabla hujachomeka, wala usimwulize kama anataka. Atakataa kwa mdomo.

Shemeji nimemwambia: pini tatu ya Taipu 1, inayoshuka mpaka 6, yenye kioo cha volti, inayogoma bila ethi na inayojiwasha umeme ukirudi. Baadaye, akishajenga banda la gari, avute laini ya bluu ya 16. Fundi alikwenda Jumatano. Akakuta nondo ya ethi imebaki kipande cha urefu wa kalamu, kilichobaki ni unga mwekundu. Wamepiga mpya karibu na mnazi, pale ardhi haikauki. Chaja bado hajanunua. Gari limepaki, na watoto wanalikalia kama sofa.